Mimi Kidumu, Mwenzangu Mikono

Katika siku zake za mwisho, mama alinitoa chumbani. Aliniambia kwa upole, kama anayemtuma mtoto dukani, "Hadija, nenda uchote maji kidogo," na ndoo ilikuwa pale pale mlangoni, imejaa mpaka juu. Nilielewa. Zubeda alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Mwanza, vumbi la basi bado liko kwenye viatu, na mama alitaka kubaki naye peke yake. Mimi niliyemwosha, niliyemgeuza kitandani miezi yote ile, nikabeba ndoo iliyojaa, nikaimwaga uani, nikaijaza tena kwenye bomba. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, na wivu ulikuwa umenishika.

Hawakuzungumza sana. Zubeda alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Sikumwuliza. Nisingempa raha hiyo.

Arobaini ya mama ilipokaribia, niliingia stoo kutafuta masufuria ya kupikia wageni. Nyuma ya gunia la mkaa nikakikuta kidumu chetu cha zamani. Cha njano, cha lita ishirini, kimepauka kwa jua mpaka rangi imekuwa ya mahindi ya mwaka jana. Hakina kifuniko. Hicho kilipotea tangu sijaanza shule, na kwetu, kama kwa wengi mjini Kigali, dumu lisilo na kifuniko huzibwa kwa kiazi. Niliinama nikanusa mdomo wake. Kilikuwa bado na ile harufu ya udongo wa bondeni na sabuni ya kipande, na kabla sijanyanyuka nilikuwa nimeshakaa chini sakafuni.

Zubeda si ndugu yangu wa tumbo moja. Mama yake alikuwa jirani yetu pale Biryogo, akafariki siku chache baada ya kumzaa. Wakati huo mimi nilikuwa na miezi michache tu. Mama alimchukua yule mtoto, akanihamishia mimi upande mmoja wa kifua chake, na upande wa pili akampa yeye. Sikumbuki chochote, lakini najijua, nina hakika nililalamika. Kwa dini yetu tukawa ndugu wa kunyonya, ndugu kweli kweli, hata kuoleana na kaka za mwenzako ni haramu. Watu walituita mapacha. Mimi nilikuwa nasahihisha.

Baba yake alikuwa dereva wa malori. Alikuwa akienda Dar kwa njia ya Rusumo, na tangu vita vianze huko kaskazini safari zikawa ndefu zaidi, mwezi, mwezi na nusu. Akirudi alikuja na tende na dagaa, anakaa kwenye kibaraza karibu na cherehani ya baba yangu, na kabla ya kuondoka humwambia mama maneno yale yale: "Dada, mutoto wangu ni amana yako." Mama aliyachukua maneno hayo kama sheria. Nyama ikigawiwa, Zubeda kwanza, ni amana. Mswaki mpya, Zubeda kwanza. Ukimwuliza na mimi je, anasema, "Wewe ni wangu, utangoja." Mtoto wa miaka minane au tisa haoni utamu wowote katika kuwa wa mtu kama malipo yake ni kungoja.

Ilikuwa masika, yale wenyewe wanayaita itumba, na mwezi wa Ramadhani ulikuwa unaishia. Mji ulikuwa umejaa watu waliokimbia vita, na bomba la mtaa wetu likawa linakohoa hewa siku baada ya siku. Lakini Idi haiingii katika nyumba yenye blanketi chafu, hilo wanawake wa Biryogo hawakuwa na mjadala nalo. Wakafunga mablanketi vichwani, wakateremka bondeni kwa watu wa matofali. Mama alikuwa na Mama Asumani, jirani yetu mnene mwenye sauti ya kuita watu wa mlima wa pili, na sisi wawili nyuma yao tumebeba beseni.

Kando ya njia kulikuwa na chemchemi ya maji safi ya kunywa. Mama akatuachia kidumu tukijaze. Mimi nilipewa kopo. Nilichota na kumimina, kuchota na kumimina, nusu ikinimwagikia miguuni, mpaka maji yakafika shingoni mwa kidumu. Kazi ya Zubeda ilikuwa kiazi. Alikifunga nailoni, akakibandika mdomoni mwa kidumu, akakipiga ngumi moja. Mama akakijaribu, akasema, "Ahsante mwanangu, mkono wako imara." Kuhusu maji hakusema kitu. Akakitwika kidumu, tukateremka naye mpaka chini kwenye mashimo ya udongo wa matofali, akakitua kwenye nyasi.

Mashimo yale tuliyajua. Kiangazi tulikuwa tukicheza ndani yake, tukiruka kutoka ukingoni na kutua kwenye udongo laini, na pale penye kina zaidi palinifika kiunoni. Ila watu wa matofali walikuwa wameendelea kuchimba baada ya sisi kurudi shule, na nani atakumbuka kuwaambia watoto? Mvua ikaja ikayajaza. Sasa yalikuwa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia, na mimi nilipoyatazama niliona kiuno changu.

Mablanketi yalifuliwa kwa miguu kwenye beseni, yakasuuzwa shimoni. Kusuuza ni kazi ya watu wawili, kila mmoja anashika ncha. Mama alitupa lile la baba, la kijivu lenye mistari myekundu, akasema, "Simameni kwenye nyasi. Musikanyage udongo." Kisha akageuka kukamua jingine na Mama Asumani.

Blanketi la sufu likishakunywa maji halina tofauti na maiti. Tulilitumbukiza, tukalivuta, halikuja. Zubeda akasogea apate nguvu, mguu wake ukatua kwenye udongo mtupu. Aliteleza ameketi, taratibu, bila hata kusema aa, akaingia majini na ncha yake mkononi. Ningeachia ningebaki juu. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimesikia habari za mkono imara, na kama kuna kitu nilikuwa nimeapa moyoni ni kwamba siku hiyo si mimi nitakayeachia blanketi kwanza. Likanivuta nikamfuata.

Miguu yangu ilitafuta chini, ikakosa. Hicho ndicho ninachokikumbuka zaidi, ule mshangao wa miguu. Nilikuwa karibu na ukingo kuliko yeye, nikawa nakwaruza ule ukuta wa udongo, na udongo ukawa unabaki viganjani kama unga uliokandwa. Lakini kichwa kilikuwa juu, na kwa kichwa hicho nilimwita mama kwa nguvu zangu zote.

Zubeda hakuita. Wahenga wanasema mfa maji haishi kutapatapa. Pengine mtu mzima. Mimi niliyemwona mfa maji kwa macho yangu nilimwona amenyamaza. Mdomo wake ulikuwa usawa wa maji, macho wazi, mikono inasukuma maji kwenda chini kama anapanda ngazi isiyokuwepo. Anaibuka, anazama, anaibuka. Ungempita njiani ungedhani anacheza.

Kisha nikasikia sauti. Gudu, gudu, gudu. Nzito, ya polepole, koo kubwa linameza. Nilidhani ni maji yanaingia masikioni mwangu. Baadaye, nilipokuwa nikijisimulia mambo haya kitandani, nilijiambia labda ni Zubeda, ndivyo mtu anavyosikika akiyanywa. Ilikuwa sauti ya muda mrefu, na mimi nililia sambamba nayo mwanzo mpaka mwisho.

Kitu kikanipiga begani. Kilikuwa kidumu, kimezibwa kwa kiazi. "Kikumbatie," mama alisema. "Kikumbatie, usiachie." Nikakikumbatia kwa mikono na miguu, nacho kikaninyanyua, chepesi, kifua changu chote kikatoka majini. Nikamwona mama ameteremka ukingoni, maji yamemfika kiunoni, kisha kifuani. Mama yangu hakujua maji hata kidogo. Alikuwa mtu wa kuvuka mfereji kwa kushikwa mkono. Nikamnyooshea mkono wangu mmoja, kwa kuwa anayefuata nilijua ni mimi.

Mama akanipita. Alinipita karibu sana, kitenge chake kilichoelea kikanigusa uso, na hakunitazama. Alikwenda kwa Zubeda.

Alimfikia, na Zubeda akampanda. Sijui neno jingine. Alimkwea, akamzungushia mikono shingoni, magoti kifuani, na wote wawili wakaenda chini. Kitambaa cha kichwa cha mama kikabaki kinaelea peke yake. Na hapo, Mungu anisamehe, kabla sijaogopa nilichukia kwanza. Nilisema moyoni, hata kufa anakwenda kufa na yule.

Juu ukingoni watu walikuwa wamekusanyika. Kijana mmoja wa matofali alikuwa ameshavua shati, mguu mmoja uko hewani. Mama Asumani akajitanua mbele yake kama lango.

"Vaa shati yako," akamwambia.

"Mama, mimi najua kuogelea."

"Kuogelea unajua. Kushikwa shingo unajua? Wamekwisha kuwa watatu mule. Hapa haiingii mutu mwingine, tutazika mtaa muzima." Kisha akawageukia wanawake. "Fungueni vitenge."

Wakafungua. Wanawake waliofunga saumu, midomo mikavu, wamebaki na magauni ya ndani mbele ya wanaume wasiowajua, wakafunga kitenge kwa kitenge kwa lile fundo la kubebea mtoto mgongoni. Mama Asumani aliikunja ncha, akairusha, ikaanguka vibaya. Akaivuta, akairusha tena. Mkono wa mama ukatoka majini, mkono tu, ukaishika. Kijana yule aliyevua shati ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuta, amejilaza kifudifudi kwenye nyasi, wenzake wamemkalia miguu. Mama akatoka, na Zubeda bado yuko shingoni mwake. Ilibidi wambandue vidole kimoja kimoja.

Wakamlaza, wakamgeuza ubavu, akatapika maji ya chai ya maziwa. Kila mtu alikuwa juu yake. Mama, anakohoa na kutapika mwenyewe, alikuwa amemkumbatia na kumtikisa na kusema, "Zubeda, nisamehe, Zubeda, nisamehe," jambo ambalo hata wakati ule niliona ni la ajabu, maana aliyeokolewa ndiye hushukuru.

Mimi nilikuwa bado majini. Kidumu kilikuwa kinazunguka taratibu, kinanionyesha watu, kinanionyesha ukuta wa udongo, kinanionyesha watu. Mwishowe mzee mmoja wa matofali akaninyooshea mti wa kubebea udongo, akanivuta. Alinitazama juu mpaka chini, akawaambia wenzake, "Huyu hana shida." Maneno hayo matatu yalinifuata nyumbani na kuishi nami miaka mingi.

Mama Asumani, aliyekuwa hawezi kukaa na huzuni muda mrefu, alimwambia mama njiani, "Mama Hadija, saumu yako imeingia maji." Mama hakucheka. Alisema, "Nitailipa." Na alilipa. Ramadhani ilipokwisha alifunga siku yake moja, tukadhani yameisha. Lakini akawa anafunga tena, Jumatatu hii na ile, mwaka hadi mwaka, na ukimwuliza anasema kuna siku moja analipa. Baba alimtania kwamba saumu hiyo ina riba.

Kuanzia jioni ile nyumba yetu ikawa ya Zubeda. Supu ya maini ya futari, yake. Mama akamwogesha kwa mikono yake mwenyewe, msichana mkubwa wa kuota meno ya pili, akimmwagia maji ya uvuguvugu kwa kikombe ili yasimtishe. Baba alikuwa na kitambaa cha gauni moja na nusu la Idi, na unaweza kukisia nusu ilikuwa ya nani. Langu liliungwa kiunoni kwa kitambaa cha mapazia. Zubeda hakutumwa tena kuchota maji. Nilitumwa mimi, na kile kile kidumu. Nilikichukia na siku hiyo hiyo nilikuwa simruhusu mtu mwingine akiguse. Mwenzangu alipata mikono, mimi nilipata kidumu, basi angalau kiwe changu.

Nilikuwa nimemsikia Mama Asumani akiwasimulia wageni waliokuja kutupa pole. Alikuwa akisema, "Hadija alikuwa analia, na anayelia ana pumzi. Mutoto aliyenyamaza ndiye anakufa, huyo ndiye unamkimbilia." Watu wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na nikaona hatimaye nimeelezwa kosa langu. Nilipiga kelele. Kumbe mama huja kwa mtoto aliyenyamaza.

Kwa hiyo nikanyamaza. Nilipoitwa niliitikia kwa kichwa. Nilipojikwaa na kutoka damu sikulia, niliketi tu mbele ya mama, mdomo wazi kidogo, macho makubwa, kama nilivyomwona Zubeda majini, nikingoja. Siku moja nilijaza beseni, nikaingiza uso, nikainua, nikaingiza tena, kimya kabisa, hatua mbili kutoka jikoni. Mama alipita akasema, "Usichezee maji, Hadija," akaendelea na kuni zake. Na jioni nikamsikia akimwambia baba kwa furaha ya kweli, "Huyu mtoto siku hizi ametulia, alhamdulillahi." Nililia kitandani, nikiwa makini nisitoe sauti.

Mwishowe nilishindwa. Alikuwa anachambua maharage, Zubeda yuko kwa jirani. Nikamwuliza, "Mama, kwa nini ulimchukua Zubeda?"

Alijua nasema nini. Aliendelea kuchambua, akatupa jiwe moja, akatupa jingine.

"Wewe nilikupa kidumu," alisema.

"Lakini ulimchukua Zubeda."

"Wewe nilikupa kidumu, Hadija." Akainuka, akaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Nilimwuliza tena ukubwani, kwa njia za kuzunguka na kwa njia za wazi, na sikupata zaidi ya hapo. Nilijijazia mwenyewe. Damu nzito kuliko maji, husema watu, na mimi nilijiambia kwetu mizani ilipinduka.

Baba yake Zubeda aliporudi kutoka Dar na kusimuliwa, alilia kwenye kibaraza mbele ya wateja wa baba. Safari iliyofuata alimletea mama doti ya kanga nzuri ambayo sijaona mfano wake, ya zambarau. Mama alimshukuru, akaikunja. Hakuivaa hata siku moja. Mwisho akampa Mama Asumani. Mimi nilidhani ni unyenyekevu, na hata unyenyekevu huo nikauonea wivu kwa kuwa ulihusu Zubeda.

Halafu ukaja ule mwaka wa tisini na nne. Wasomaji wa rika langu wanaujua na siuleti hapa, una mahali pake. Nitasema tu kwamba baba yake Zubeda hakurudi kutoka safari yake ya mwisho, na Zubeda akawa wetu moja kwa moja. Mama alipotuvusha siku zile alimshika yeye mkono wa kulia. Wa kushoto alinishika mimi. Niliangalia ni upi na upi, hata siku zile.

Nimesema Zubeda alikuwa amekuja. Alibaki mpaka arobaini, na siku ya kufungasha tukakaa uani kugawana vitu vya mama. Havikuwa vingi. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mkarimu. Nilimtengea kanga, tasbihi, sufuria kubwa la pilau.

"Mimi naomba kile kidumu tu," akasema.

"Hicho hapana."

"Hadija, sha, kidumu kizee kile."

"Chagua kingine chochote. Hicho ndicho nilichopewa mimi." Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, nikamalizia. "Wewe ulipata mikono yake. Ukapata supu, ukapata gauni, na juzi ukapata maneno yake ya mwisho mimi nikiwa naranda uani na ndoo. Kidumu niachie."

Nilitegemea atakasirika. Alivuta kigoda, akakaa karibu yangu mpaka magoti yakagusana.

"Siku ile, kidumu nani alikijaza?"

"Mimi."

"Nani alikiziba?"

"Wewe. Kwa mkono wako imara."

"Kilikuwa kimejaa mpaka shingo," Zubeda akasema. "Mama alikitwika kimejaa, akakitua kimejaa. Sasa niambie, kilielea vipi?"

Mtu mzima, na nimekibeba kidumu kile maisha yangu yote kichwani na moyoni, na sikuwahi kujiuliza hilo.

"Mimi nilikuwa napanda na kushuka," akaendelea. Hakuwa na hasira, alikuwa anasema kama mtu anayeeleza njia. "Kila nikipanda namwona. Amesimama pale kwenye nyasi, amekiinamisha, anakimwaga. Nashuka. Napanda, bado anakimwaga. Alikuwa ananitazama mimi, Hadija. Macho yetu yalikuwa yamekutana. Na mikono inakimwaga kwa ajili yako wewe."

"Lakini alikuja kwako."

"Alikuja, na hajui maji. Alikuja mikono mitupu, sababu kile chenye kuelea amekwisha kukupa. Hiyo nayo naijua, na ndiyo maana sijamchukia hata siku moja." Akaniwekea mkono gotini. "Unataka kujua aliniambia nini chumbani? Alisema, 'Zubeda, nilikuona, na nikakimwaga kwanza.' Basi. Miaka yote hii alikuwa anataka kulisema hilo tu. Nikamwambia, mama, lakini ulikuja."

Nilikumbuka nisamehe zile ukingoni. Nilikumbuka kanga ya zambarau, na zile Jumatatu za saumu isiyokwisha. Supu ya maini ilinijia na harufu yake yote, na kwa mara ya kwanza niliona uso wa mama alipokuwa akilisogeza bakuli, uso ambao mimi nilikuwa nimeuita mapenzi.

"Maini nilikula mimi, dada," Zubeda akasema. "Na nilikuwa nakuangalia unavyonitazama, ninajisemea, huyu analilia nini? Mimi nimekuonea wivu tangu siku ile mpaka leo."

Nilimwambia tu, kwa kuwa ndilo lililokuja mdomoni, kwamba mimi mle majini nilisikia sauti, na siku zote nilidhani ni masikio yangu, au ni yeye anameza.

Aliinuka. Akaingia stoo, akatoka na kidumu, akakipeleka bombani akakijaza mpaka shingoni, na maji yalipofurika akafunga bomba. Kisha akakiinamisha juu ya mfereji wa uani, kwa mikono miwili, kama wanavyofanya watu wote.

Gudu, gudu, gudu.

Maji yalitoka kwa mikupuo, yakangoja hewa iingie, yakatoka tena. Niliijua sauti ile kabla haijafika mkupuo wa tatu. Nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi. Nilisikiliza, nikafikiria mtoto mwingine anayeibuka na kuzama, na maji bado yanatoka, kidumu bado ni kizito, na bado yanatoka.

"Inatosha," nikamwambia. "Zubeda, inatosha."

Hakukiinua.

"Bado," akasema.

Na kweli kilikuwa bado.